Mzazi wa Chekechea Si Mwalimu Msaidizi

Tangu Januari 2026, kundi la kwanza la mtaala wa umilisi (CBC) lilipoingia Gredi ya 10, gumzo la elimu nchini limekuwa la sekondari ya juu: nani kapelekwa shule gani, karo itatoka wapi, masomo ya sayansi yatafundishwa na nani. Ni gumzo la haki, sina ugomvi nalo. Lakini huku chini, kwa watoto wanaoanza PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, wakiwa na miaka 4, kuna jambo limeingia nyumba nyingi za Lamu, na naona limeeleweka vibaya na wazazi, na walimu, na hata wanaopanga bajeti ya kaunti. Mtaala huu unamtaka mzazi awe na mkono katika elimu ya mwanawe tangu mwanzo. Wito ni mzuri. Ila umefika majumbani ukiwa umegeuka sura: mzazi ahakikishe mtoto amejaza ukurasa wa herufi, apige picha, aitume kwenye kundi la WhatsApp la darasa kabla ya kulala. Asiyeweza anaonekana hajali. Mimi nasema mzazi wa mtoto mdogo hahitaji kufanywa mwalimu msaidizi. Kinachomfaa ni kuonyeshwa kwamba mazungumzo, michezo na kazi anazofanya pamoja na mwanawe kila siku ndiyo elimu ya umri huo, na kupata mtu wa kumtembelea katika ile miaka ambayo hakuna ofisi yoyote ya serikali inayomtazama mtoto wake. Kaunti inayojenga madarasa bila kuigusa miaka hiyo inaanzia safari katikati ya njia.

Tuanze na sheria. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizipa kaunti jukumu la elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto. Mtaala wa umilisi ukajaribiwa 2017 na kuanza kote nchini 2019, ukaweka miaka miwili ya PP1 na PP2 kabla ya Gredi ya 1. Kaunti nyingi zimeitikia kwa kufanya kinachoonekana kwa macho, yaani kujenga. Darasa lina ukuta, lina bati, lina jiwe la uzinduzi lenye jina na tarehe. Sidharau darasa, mtoto wa Kiunga au wa Witu ana haki ya paa na dawati kama wa Nairobi. Shida ni kile kinachobaki nje ya hesabu. Mfuate mtoto mmoja wa Langoni, mjini Lamu, tangu kuzaliwa. Anazaliwa, anachanjwa, anapimwa uzani kila mamake anapompeleka kliniki, na kijitabu chake kinajazwa. Akifika miezi 18 anapata chanjo ya pili ya surua na rubela. Baada ya hapo, akiwa mzima, mama hana tena sababu kubwa ya kumrudisha, labda siku za kampeni ya matone ya vitamini A au dawa ya minyoo. Serikali itamwona tena siku atakapoandikishwa PP1. Hapo katikati pana miaka miwili na nusu, na ndiyo miaka mtoto anapotoka kwenye maneno ya kuhesabika vidoleni hadi kusimulia kisa, kuuliza kwa nini, kugombana kwa hoja na kusema uongo wake wa kwanza. Hakuna kipindi kingine cha maisha chenye mruko kama huo, na ndicho kipindi tulichokiacha hakina mwenyewe.

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani, UNICEF na Benki ya Dunia walitoa mwongozo wa malezi ya watoto wadogo wenye nguzo tano: afya njema, lishe ya kutosha, usalama, malezi ya kumsikiliza na kumjibu mtoto, na nafasi za kujifunza mapema. Afya na lishe kwetu zina mahali pake, pana kliniki na pana muuguzi wa kuulizwa. Usalama una mzee wa mtaa, chifu na polisi, vyovyote watakavyofanya kazi yao. Lakini mama wa Shela akitaka kumuuliza mtu kwa nini mwanawe wa miaka miwili hasemi, au acheze naye mchezo gani, abishe mlango wa nani?

Mwezi uliopita nilikaa Matondoni barazani kwa mama mmoja anayesuka ukili, ule mkanda wa kushonea mikeka. Mwanawe wa kike, wa miaka mitatu hivi, alikuwa ubavuni pake na fungu la miyaa, majani makavu ya kusukia, iliyotiwa rangi. "Nipe mwaa mmoja," mama akamwambia. Mtoto akatoa mweupe. "Si huo, ule mwekundu." Akatoa mwekundu. "Mfupi huo, mama, nitafutia mrefu kuliko huo." Mtoto akailaza miwili chini, mmoja kando ya mwenzake, akaisogeza mpaka ncha zikalingana upande mmoja, akatazama upande wa pili upi umezidi, akampa mamake ule uliozidi. "Haya, sasa nipe miwili." Yote haya mama hakunyanyua macho kutoka kwenye ukili. Nilipomuuliza kama humfundisha mtoto chochote nyumbani, alitikisa kichwa. "Mimi sikusoma, ndugu yangu. Nangoja aingie shule."

Katika dakika zile chache mtoto yule alikuwa amefanya rangi, urefu, ulinganisho na idadi, kwa vitu alivyovishika mkononi na kwa sababu iliyokuwa na maana kwake, maana mama alikuwa akiihitaji miyaa kweli. Alikuwa pia amepata sarufi: mwaa mmoja mwekundu, miyaa miwili mirefu, bila ya mtu kumtajia ngeli. Ukifungua mwongozo wa shughuli za hisabati za chekechea utakuta mambo hayohayo, kupanga, kulinganisha, kuhesabu, tena umeagizwa uyafunze kwa mchezo na kwa vitu halisi. Mtaala na mama wa Matondoni wanakubaliana kabisa. Anayewatenganisha ni ule ukurasa wa herufi unaotumwa jioni, unaomwambia mama kwamba alichofanya mchana kutwa si kitu na kwamba elimu ndiyo ile asiyoiweza. Mtoto wa miaka 4 ambaye vidole vyake havijakomaa kushika penseli hukazwa mkono juu ya mkono wa mkubwa, analia, mzazi anakasirika, na mwishowe mzazi anaandika mwenyewe ili picha itumwe. Hapo mtoto amefunzwa jambo moja tu, kwamba kusoma ni kero inayokuja usiku. Ningekuwa na uwezo ningezuia kazi ya kuandika nyumbani kwa PP1 na PP2 kote kauntini, na mahali pake mwalimu awe anamwambia mtoto: kesho njoo na kisa alichokusimulia mtu wa nyumbani kwenu.

Jambo la pili linalomnyamazisha mzazi ni Kiingereza. Kwa kuwa shule nyingi za kulipia huanza nacho tangu siku ya kwanza, mzazi anaona afadhali amsemeshe mwanawe kwa hayo maneno machache anayoyajua. Basi mama mwenye Kiamu cha kujaa, yaani Kiswahili cha Lamu, anayeweza kumsimulia mtoto safari nzima ya jahazi kutoka Faza hadi Mokowe, anabaki na amri tano sita za kukaa, kula, kuja na kunyamaza. Mazungumzo yamekuwa amri. Sera ya Kenya, tangu ripoti ya tume ya Gachathi ya 1976, imesema watoto wa madarasa ya chini wafunzwe kwa lugha ya eneo lao, na UNESCO ilikuwa imetoa hoja hiyo tangu 1953. Sababu ni ya kielimu kabla ya kuwa ya kitamaduni: mtoto akishajua kueleza sababu, kulinganisha na kusimulia kwa lugha yake, anapokutana na lugha ya pili kilichobaki ni kujifunza majina mapya ya mambo anayoyajua. Asiyeyajua kwa lugha yoyote anapata mizigo miwili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mzazi wa Kibajuni wa Kizingitini, Mkikuyu wa Mpeketoni, Mwaweer wa Basuba na Muorma wa Witu wote ushauri wao ni mmoja: sema na mwanao kwa lugha unayoota nayo.

Kuna wanaopinga, na baadhi ya hoja zao ni nzito. Ya kwanza ni ya muda na riziki. Mama anayeamka saa kumi alfajiri kukanda unga wa mahamri, akauza, akarudi kufua na kupika, usimpelekee ratiba ya michezo ya kielimu. Baba anayetoka na bamvua hana saa maalumu ya nyumbani. Nakubali, na ndiyo maana napinga ukurasa wa jioni. Mazungumzo ninayoyasemea hayana saa yake: yanafanyika unga ukikandwa, nazi ikikunwa, mchele ukichaguliwa mawe, samaki wakitolewa kapuni na mtoto akaambiwa huyu changu, huyu kolekole, huyu tafi usimguse ana miiba inayochoma. Hata hivyo hoja haiishi hapo. Mtu aliyechoka na mwenye wasiwasi wa chakula cha kesho hunyamaza, na mtoto anayelala na njaa hachezi. Yeyote anayewahubiria wazazi mazungumzo huku akifumbia macho bei ya unga, au mishahara ya walimu wa chekechea, hajamsaidia mtu.

Hoja ya pili ni ya kitamaduni, na naiheshimu zaidi kuliko wengi wanavyoiheshimu. Inasema kwamba haya ya kumsemesha mtoto mchanga ni mazoea ya Wazungu wa tabaka la kati yanayouzwa duniani kote kama sayansi. Ina msingi. Mwaka 1995 Betty Hart na Todd Risley, waliofuatilia familia 42 huko Kansas, Marekani, walikadiria kwamba watoto wa maskini hufika umri wa shule wakiwa wamesikia maneno milioni 30 pungufu ya watoto wa wenye nacho. Takwimu ile ilienea mno. Lakini 2019 Douglas Sperry na wenzake waliangalia upya katika jamii mbalimbali, wakahesabu pia maneno ya watu wote wa nyumbani na yale mtoto anayoyasikia wakubwa wakizungumza wao kwa wao, na lile pengo likapungua sana, mahali pengine likatoweka. Kwa Lamu hilo lina uzito wa pekee. Mtoto wa nyumba ya Mkomani hakuwahi kuwa wa mama peke yake: alikuwa na bibi, shangazi, ndugu wakubwa, majirani wa daka la pili, na usiku palikuwa na paukwa pakawa na vitendawili. Anayekuja na orodha ya upungufu wa mama wa Kiswahili bila kuiona nyumba nzima amekosea tangu mlangoni.

Lakini nyumba hiyo inabadilika. Wanandoa vijana wamepanga chumba kimoja katika mitaa ya Wiyoni au Kashmir, bibi kabaki Pate au Siyu, shangazi yuko Mombasa au Ghuba akitafuta. Wale wasimulizi walioifanya nyumba iwe chuo wametawanyika, na mahali pao mara nyingi pamekaa simu, anayopewa mtoto anyamaze mama apate kupika. Simlaumu mama huyo. Shirika la Afya Duniani lilishauri 2019 kwamba mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini kukaa tu na kutazama, na wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa moja kwa siku. Ushauri ni sahihi, ila hautekelezeki kama mama hana mtu wa kumshikia mtoto. Kuitetea desturi yetu kwa kusema bibi zetu walilea bila semina, huku bibi hayupo tena nyumbani, ni kutetea kitu kilichokwisha kuondoka.

Hoja iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika sana barazani: mtoto mdogo hajui kitu, mwache akue, shule itamfunza. Haina mguu wa kusimamia. Mwaka 1980 Anthony DeCasper na William Fifer walionyesha kwamba kichanga wa siku chache tu huitambua sauti ya mamake na kuipenda kuliko sauti ya mwanamke mwingine. Kabla ya kutimiza mwaka, sikio la mtoto limeshaanza kushika sauti za lugha ya kwao na kuziacha za lugha asizozisikia. Mtoto anayeingia PP1 ana miaka minne ya masomo nyuma yake, yawe ya kheri au ya shari. Na anayesema shule itamaliza kazi peke yake aende Basuba, ambako shule zilifungwa kwa miaka kwa sababu ya usalama wa msitu wa Boni. Watoto wale walikuwa na nyumbani tu.

Je, mzazi anaweza kweli kusaidiwa, au haya ni maneno ya makongamano? Ushahidi ninaouamini zaidi unatoka Jamaica. Mwaka 1986 na 1987, mjini Kingston, watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor waliwachukua watoto 129 wa miezi 9 hadi 24 waliodumaa kwa utapiamlo. Baadhi yao walitembelewa nyumbani mara moja kwa wiki, kwa saa moja, miaka miwili. Waliokwenda hawakuwa madaktari wala walimu, ni wahudumu wa afya wa mitaani. Mhudumu alikaa chini na mama na mtoto, na vitu vya kuchezea vilivyotengenezwa kwa takataka safi za nyumbani, akamwonyesha mama mchezo, kisha akampisha acheze yeye na mwanawe. Miaka 20 baadaye waliotembelewa walikuwa na kipato kilichozidi cha wenzao wasiotembelewa kwa asilimia 25, na walikuwa wamewafikia watoto wa mji uleule ambao hawakudumaa. Maziwa ya lishe peke yake hayakuleta matokeo hayo ya muda mrefu. Ni kweli watoto walikuwa wachache, na kwamba Colombia ilipojaribu mtindo huo kwa upana zaidi, kwa miezi 18, faida ilionekana mwanzoni na kufifia miaka miwili baadaye. Mimi nasoma hapo onyo kuhusu utekelezaji: ziara ikiwa ya kujaza fomu, au mtoto akitoka humo akaingia darasa la kupigwa na kukariri, kilichopandwa kitanyauka.

Sasa angalia tulicho nacho. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 kote nchini, kila mmoja na mkoba wake wa vifaa na kaya zipatazo 100, kwa posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi ambayo serikali kuu na kaunti hugawana nusu kwa nusu. Watu hawa wanaishi vijijini mwao. Ndau na Kizingitini hazihitaji mtaalamu wa kupanda boti kutoka kisiwani Lamu. Mhudumu yupo, anajulikana kwa jina, na hubisha hodi akakaribishwa. Anapouliza kuhusu kikohozi na kuhara, anaweza pia kuuliza mtoto anacheza na nini, na kukaa robo saa kuonyesha. Gharama kubwa ni kumfunza vizuri, kumpunguzia mambo mengine anayorundikiwa, na kumlipa kwa wakati. Usimwongezee mtu kazi ya pili kabla ya kumtimizia haki ya kwanza.

Pwani hatuanzi sifuri. Katika miaka ya 1980, Waislamu wa Pwani walipoona watoto wao wanabaki nyuma shuleni, Wakfu wa Aga Khan ulisaidia kuanzisha chekechea za madrasa mjini Mombasa, Bi Swafiya Said akiwa mstari wa mbele, na mpango ukaenea hadi Zanzibar na Uganda. Walimu walikuwa wanawake wa mtaa waliofunzwa, vifaa vilikuwa vifuu, makombe na vizibo, na dini haikuwekwa upande mmoja na kucheza upande mwingine. Wazazi waliuamini kwa sababu ulitoka kwao. Mwalimu wa chuo cha Kurani ana nafasi hiyohiyo leo, kwani mtoto wa Lamu humfikia yeye mapema na mzazi humsikiza kuliko anavyomsikiza afisa. Akisema yeye kwamba mtoto ajibiwe anapouliza, asikemewe, neno lake litafika mahali bango la kaunti halifiki.

Na baba je? Programu nyingi za wazazi huishia kuwa programu za akina mama, na hilo ni kosa la waandalizi kama lilivyo la wanaume. Katiba, Kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya malezi ya wazazi wote wawili, wawe wameoana au la, na mji wenye talaka nyingi kama wetu usilipite neno hilo juujuu. Baina ya alasiri na magharibi wanaume wengi wako barazani. Mtoto akikaa hapo na babake, akaulizwa ameona nini leo ufuoni, akaachwa amalize kusema, huo ni wakati wa kujifunza usiohitaji shilingi.

Makadirio ya bajeti hufikishwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili kila mwaka, na sheria inataka wananchi wasikizwe kabla hayajapitishwa. Lamu ina wadi 10. Ningependa katika kila kikao cha maoni asimame mzazi mmoja aulize: mwaka huu ni wahudumu wangapi wa afya ya jamii watakaofunzwa kukaa na wazazi juu ya mazungumzo na mchezo, posho yao italipwa mwezi upi, na nani atakayehesabu nyumba zenye mtoto wa baina ya miezi 18 na miaka 4 zilizotembelewa. Akijibiwa kwa idadi ya madarasa yaliyojengwa, ajue swali lake bado halijajibiwa, na adai jibu liandikwe.